Kidonda Kisicho na Kovu: Tathmini ya Kisaikolojia Mbele ya Jaji wa Uhamiaji

Chai tunayoipika kwa iliki na tangawizi katika nyumba zetu za Mombasa, Malindi na Lamu aghalabu imetoka nyanda za juu za Kericho na Bomet. Huko, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mashamba yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1920 yametanda vilimani kama busati la kijani lisilo na pindo. Mchumaji hujitwika kapu mgongoni, akachuma majani mawili na kichipukizi chake, akapima, akarudi jioni kambini, yaani katika vijiji vya nyumba ndogo ndogo ambazo kampuni ziliwajengea wafanyakazi ndani ya mashamba. Wengi wa wachumaji hao hawakuzaliwa hapo. Walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi wakifuata kazi, na wako waliolea watoto na wajukuu humo humo kambini.

Matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa tarehe 30 Disemba 2007, kambi hizo hazikusalimika. Makundi ya watu wenye silaha yaliingia katika shamba la Unilever huko Kericho, yakawashambulia wafanyakazi na jamaa zao kwa sababu ya makabila yao. Watu waliuawa, nyumba zikaporwa na kuchomwa, wanawake wakabakwa. Kwa Kenya nzima, Tume ya Jaji Waki iliyochunguza machafuko hayo ilihesabu vifo 1,133. Waliokimbia makwao walikuwa mamia ya maelfu, na maelfu miongoni mwao walivuka mpaka wakaingia Uganda, ambako baadhi walipelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo.

Baada ya miaka kadhaa, watu 218 waliokuwa wafanyakazi au wakazi wa shamba lile walifungua kesi London dhidi ya kampuni mama ya Unilever na tawi lake la Kenya. Walidai kwamba kampuni ilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Kampuni ilijibu kwamba maafa yale hayakuweza kutabirika. Mahakama Kuu ya huko iliwakatalia mwaka 2017. Mahakama ya Rufani ikaafiki uamuzi huo mwezi Julai 2018, ikisema haikuonyeshwa kwamba kampuni mama ndiyo iliyoshika hatamu za usalama wa shamba la Kenya. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa. Msomaji azingatie jambo moja: mlango ulifungwa kabla vidonda havijafunuliwa. Waliyoyapata wanawake wale usiku ule, na walivyolala au kutolala miaka kumi baadaye, hayakupata kupimwa na jaji katika kesi kamili.

Lakini kuna mahakama nyingine ambamo kidonda cha aina hiyo husomwa ukurasa kwa ukurasa, nazo ni mahakama za uhamiaji. Tumeona ni vyema kuzizungumzia katika toleo hili kwa sababu ni nadra kupata nyumba ya Kiislamu ya pwani isiyo na ndugu Uingereza, Marekani au Kanada, au binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba. Baadhi yao hujikuta siku moja wameketi mbele ya afisa wasiyemjua, wakitakiwa waeleze jambo ambalo hawajapata kumweleza hata mama mzazi.

Mtu anapoomba hifadhi ya ukimbizi, shida yake ya kwanza ni ushahidi. Mama aliyekimbia kambi inayowaka moto Kericho hakubeba picha wala hati. Aliyempiga hakumwandikia risiti. Kovu, kama lipo, daktari ataliona. Asiye na kovu ana nini mkononi? Hapo ndipo wakili humpeleka kwa mwanasaikolojia au daktari wa akili, akaomba tathmini ya kisaikolojia. Si matibabu, na hili watu wengi hulichanganya. Mtaalamu humsikiliza kwa saa mbili, tatu, pengine kwa vikao viwili au vitatu. Humuuliza habari za utotoni, ndoa, usingizi, chakula, ibada, kazi, ndoto zinazomrudia, vitu anavyovikwepa. Humtazama anavyokaa, mahali sauti inapokatika, swali linalomfanya auangalie mlango. Anaweza kutumia dodoso zilizopimwa kwa wakimbizi, mfano lile la Harvard ambalo lilitungwa kwa ajili ya watu waliotoka vita vya Indochina. Kisha huandika ripoti yenye kurasa kadhaa, akasema kama ameona dalili za msongo wa baada ya kiwewe, unyogovu au hofu iliyokithiri, na kama dalili hizo zinaendana na kisa alichosimuliwa.

Namna ya kuandika haikuachwa kwa kila mtu ajichagulie. Mwaka 1999 wataalamu wa nchi nyingi walikamilisha mwongozo unaoitwa Itifaki ya Istanbul, nao Umoja wa Mataifa ukauchapisha. Ulifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Mwongozo huo humtaka daktari apime kwa ngazi: dalili au kovu halilingani na maelezo, linalingana nayo, linalingana nayo sana, ni la aina ile hasa inayotokana na tendo kama hilo, au haliwezi kuwa na sababu nyingine. Mtaalamu mwaminifu haruki ngazi ili kumfurahisha wakili. Huapa kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, hata kama aliyemlipa ni mteja.

Sasa wakili huitumiaje karatasi hiyo? Watu hudhani ni ya kumtia jaji huruma. Huruma ni sehemu ndogo kabisa.

Matumizi makubwa zaidi ni kueleza kumbukumbu. Mwombaji huhojiwa zaidi ya mara moja, pengine kwa miezi au miaka kati ya hoja na hoja. Mara ya kwanza alisema washambuliaji walikuwa sita, mara ya pili akasema kumi. Alisema ilikuwa Jumanne. Kalenda inasema Jumatano. Afisa huandika: huyu amejikanusha, hasemi kweli. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha katika jarida la madaktari la nchi hiyo uchunguzi wa wakimbizi kutoka Kosovo na Bosnia waliokwisha kupewa hifadhi, watu wasio na sababu ya kudanganya tena. Waliwahoji mara mbili, na wakaona tofauti kati ya simulizi ya kwanza na ya pili ni jambo la kawaida, hususan katika mambo ya pembeni. Na kwa wale walioathirika sana na kiwewe, tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Mwanamke hukumbuka harufu ya mafuta ya taa na kilio cha mtoto, akasahau tarehe. Ripoti ya mtaalamu humwonyesha jaji kwamba huko kusahau kwenyewe kunaweza kuwa alama ya jeraha.

Matumizi ya pili ni kuchelewa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 humtaka mtu aombe hifadhi katika mwaka mmoja tangu kuingia nchini. Wengi hawajui, na wanaojua, wapo ambao kila wakitaka kusema ulimi huwa mzito. Kanuni za nchi hiyo zinakubali udhuru wa maradhi ya mwili au akili, zikataja waziwazi athari za mateso yaliyopita. Bila ripoti udhuru huo ni neno tupu. Tukumbuke wanawake zaidi ya 70 waliozungumza na BBC, habari zao zikatangazwa Februari 2023, wakieleza jinsi wasimamizi wa mashamba ya chai ya Kericho walivyowadai miili yao ili wapate au wasipoteze kazi. Wapo waliokuwa wamenyamaza kwa miaka, wakiwa nchini mwao, wakizungumza lugha yao, na majirani zao wakijua. Yule aliye ugenini tutamshangaaje akikaa kimya miezi kumi na minane?

Yapo pia matumizi ambayo hayahusu ukimbizi hata kidogo, nayo yanawagusa wake zetu moja kwa moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili humruhusu mke wa raia au wa mkaazi wa kudumu, ikiwa mume anampiga au kumtesa kupita kiasi, ajiombee mwenyewe haki ya kukaa nchini bila mume kujua. Mateso hayo si lazima yawe ya mkono. Kumnyang'anya pasipoti, kumtishia kila siku kwamba atarudishwa kwao bila watoto, kumkataza kumpigia mama yake simu: mambo haya hayaachi alama mwilini, na tathmini ndiyo njia mojawapo ya kuyafikisha mezani. Sheria ya mwaka 2000 ikaongeza viza ya U kwa waliotendewa uhalifu mkubwa ndani ya Marekani na wakasaidia polisi. Humo mwombaji huonyesha kwamba aliumia sana kimwili au kiakili. Na mtu akikabiliwa na kufukuzwa nchini, wakili huweza kumpeleka kwenye tathmini yule atakayebaki, mume au mke aliye raia, ili ionekane atapata dhiki kiasi gani wakitenganishwa.

Je, majaji huzisikiliza? Kwa Marekani, wataalamu walizitazama kesi 1,663 za miaka ya 2000 hadi 2004 ambazo madaktari wa kujitolea waliwachunguza waombaji. Katika zile zilizokwisha kuamuliwa, waliopata hifadhi walikuwa asilimia 89, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 37.5. Hesabu hiyo inavutia, ila isomwe kwa tahadhari: mawakili hupeleka kwa madaktari kesi ambazo tayari zina nguvu, na aliye na daktari mara nyingi ndiye aliye na wakili mzuri. Uingereza nako Mahakama ya Rufani ilitoa somo kubwa mwaka 2005 katika kesi ya mtu aliyetoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliyeamua kesi ile mwanzoni alikwisha kumwona mwombaji ni mwongo, ndipo akauchukua ushahidi wa wataalamu na kuuweka kando kwa kuwa umesimama juu ya maneno ya mwongo. Mahakama ikasema hiyo ni kinyume: ushahidi wote huwekwa pamoja kwanza, kisha ndipo mtu aamuliwe kuwa mkweli au la. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi ya mtu wa Sri Lanka, ikathibitisha kwamba daktari anaweza kutoa rai kama kovu linalingana na jinsi mgonjwa anavyosema alivyoumizwa, wala asifungwe mdomo.

Tumefika penye ugumu wenyewe, nao ni lugha.

Tuchukue mfano wa mama aliyekulia Bomet au Kisii, au hata Kilifi kwetu. Hasemi, "Nina unyogovu." Husema kichwa kinamwaka moto, moyo unamwenda mbio, mwili umemlegea, ana mawazo mengi, presha imepanda. Mkalimani mvivu hutafsiri "moyo unaenda mbio" kuwa ugonjwa wa moyo, na mtaalamu akaandika kwamba mgonjwa analalamikia maradhi ya kifua. Kwetu pwani hatari ni kubwa zaidi. Mama akisema usiku anakabwa na jini, maana yake inaweza kuwa kwamba huamka akitweta, hawezi kupiga kelele, na aliyemtesa yumo chumbani. Mtaalamu asiyejua mila zetu anaweza kuandika kwamba anasikia na kuona visivyokuwepo, na ripoti iliyokusudiwa kumsaidia ikamtia katika kundi la wenye wazimu. Ajuaye atauliza swali la pili: nyumbani kwenu watu wengine hupatwa na hilo? Lilianza lini? Huja ukikumbuka nini? Wakili hodari humpa mtaalamu maelezo ya mila kabla ya kikao, na humchagua mkalimani kwa makini kama anavyomchagua shahidi.

Mkalimani naye ana tatizo la sitara. Miji ya ugenini ina jamii ndogo. Anayetafsiri Kiswahili au Kisomali mara nyingi ni binamu wa mtu, au huswali msikiti mmoja na mume. Mwanamke akimwona humo chumbani hufunga kinywa, akasema alipigwa tu na kuibiwa, akaacha lile kubwa. Miezi mingine akipata moyo wa kulisema, huambiwa ameliongeza ili kesi inoge. Tunawasihi kina mama walijue jambo hili mapema: unayo haki ya kuomba afisa mwanamke na mkalimani mwanamke, Uingereza na Marekani pia, na unaweza kumwambia wakili wako kwamba mkalimani huyu humtaki bila kueleza sababu mbele yake. Maombi ya hifadhi hushughulikiwa kwa siri. Ripoti husomwa na wakili, jaji na upande wa serikali. Haipelekwi kwa mume wala kwa wazee wa ukoo. Na wanaume wa nyumba tunawaambia hivi: kumsindikiza ni wema, lakini kikaoni mwacheni aingie peke yake. Mambo ambayo mke hatayasema mumewe akiwa ameketi kando ni mengi, hata mume mwema.

Kuna biashara imezuka ambayo hatuwezi kuipita kimya. Wapo mawakala wanaowauzia watu visa vilivyokwisha kutungwa, na kuwafundisha dalili za kuzisema. Mbali na kuwa ushahidi wa uongo ni miongoni mwa madhambi makubwa katika dini yetu, hila hiyo haina hata faida ya dunia. Mtaalamu mzoefu huijua dalili iliyokaririwa. Aliyefundishwa husema dalili zote kwa mpangilio wa kitabu, wakati aliyeumia kweli huficha baadhi kwa haya, hujichanganya, hukataa kuitwa mgonjwa. Tena kila kisa cha kununua kikigunduliwa, mama wa kweli anayefuata kwenye foleni huulizwa maswali makali zaidi.

Gharama nayo si haba. Mtaalamu wa binafsi Marekani hutoza mamia ya dola, na wengine hupita elfu. Yapo mashirika ya madaktari wanaojitolea, kama Physicians for Human Rights la Marekani, na Uingereza lipo Freedom from Torture lililoanzishwa mwaka 1985. Hapa Kenya lipo Independent Medico-Legal Unit, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likiandika majeraha ya waliodhulumiwa kwa viwango vya mahakama.

Na yapo mambo ambayo ripoti bora kabisa haiyawezi. Haithibitishi ni nani aliyefanya, wala kwamba serikali ya nyumbani ilishindwa kumlinda, wala kwamba mtu hawezi kuhamia mji mwingine wa nchi yake akaishi salama. Mama wa Kericho ataulizwa: kwa nini usihamie Nakuru, kwa nini usihamie Mombasa? Hapo mtaalamu anaweza tu kueleza kwamba katika hali yake ya akili kuhama na kuanza upya peke yake kutamvunja. Sehemu iliyobaki ni kazi ya wakili na habari za nchi.

Yote haya huwa rahisi zaidi ikiwa karatasi ya kwanza ilijazwa nyumbani, wiki ile ile ya tukio. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inampa aliyetendewa ukatili huo haki ya kutibiwa bure katika hospitali za serikali. Pamoja na fomu ya polisi ya P3, ipo fomu ya matibabu baada ya kubakwa inayoitwa PRC, na fomu hiyo ina sehemu ya pili ya hali ya kisaikolojia. Sehemu hiyo huachwa tupu mara nyingi mno, kwa kuwa foleni ni ndefu na wataalamu wa akili ni wachache, wengi wao wakiwa Nairobi na miji mikubwa. Anayefika hospitali ya rufaa ya kaunti kule Kericho, au Longisa kule Bomet, au Coast General hapa Mombasa, aombe kwa upole ijazwe, na abaki na nakala.

Tarehe 10 Disemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 na waathiriwa wanane wa ukatili wa kingono wa machafuko yale yale ya 2007 na 2008, wakiwa pamoja na mashirika kadhaa. Wanne kati yao walipewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja, jaji akiona kwamba serikali ilishindwa wajibu wake kwao. Wanne waliobaki hawakupata fidia. Baina ya usiku wa tukio na siku ya hukumu ilikuwa imepita takriban miaka kumi na mitatu, na kila aliyesimama mbele ya jaji alitakiwa aonyeshe alikwenda kwa nani, siku gani, na nini kiliandikwa.